Zaburi ya Bafuni

Mwanamke huyu hakuwa mtu wa kulaani watu. Uliza yeyote pale hotelini, kwenye chumba cha kufulia, atakwambia Mama Pasi alikuwa mpole mpaka anakera. Ukimkanyaga mguu, anayesema pole ni yeye. Ila lile gauni la harusi, jamani, lile lilimtoa kwenye upole wake.

Lilikuwa gauni la mgeni, jeupe, la hariri, na liliungua kifuani, alama ya pasi ikajichora pale bila hata kukosea kona. Wakati linaungua Mama Pasi alikuwa stoo akitafuta foronya. Aliapa kwamba alipoondoka mezani, pasi aliiacha mkononi mwa msimamizi wake, aliyekuja mara moja kunyoosha ukosi wa blauzi. Msimamizi naye akaapa kwamba alimrudishia pasi mkononi kabla hajaenda stoo. Meneja akamwamini mwenye cheo. Mama Pasi akahamishiwa kwenye masinki ya kulowekea mashuka, ambako sabuni kali ilimbabua vidole mpaka akawa anashindwa kufunga vifungo vya sare yake mwenyewe.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba hawa wawili walikuwa kama ndugu. Kanisani walikaa benchi moja, na watoto wa msimamizi Mama Pasi aliwabeba mgongoni mwenyewe. Baada ya gauni, mmoja akahamia benchi la mlangoni, na salamu ikawa ya shingo upande.

Ndipo Mama Pasi alipoikuta zaburi ile. Wengi wetu tunazijua zile za malisho na maji matulivu, tunazisoma tukiwa tumeshiba. Hii ilikuwa ya moto. Mwombaji anamtaka Mungu amfupishie adui yake siku, amfukuze, na kazi yake apewe mtu mwingine. Mama Pasi alishangaa maneno kama hayo yalipataje nafasi ndani ya Biblia. Akashangaa zaidi kuona yanamkaa mdomoni vizuri kuliko yale ya malisho. Basi kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, akawa anajifungia bafuni na kuyasoma kwa sauti, akijua anamsomea nani. Pale panapotakiwa watoto wa adui wawe yatima alikuwa anaparuka. Watoto hawakuchoma gauni.

Kisha msimamizi akateleza kwenye ngazi za nyumbani kwake, akavunjika nyonga.

Meneja alimwita Mama Pasi ofisini, akamwambia kwamba msimamizi atakaa kitandani muda mrefu, na hakuna mwingine anayezijua kazi zote za pale. "Nataka wewe uchukue nafasi yake," alisema. Mama Pasi alipigwa na butwaa. Maneno yalikuwa karibu yale yale ya bafuni, tofauti ni kwamba sasa yalisemwa na meneja aliyevaa tai. Aliomba apewe siku chache za kufikiri.

Nyumbani mumewe, fundi bomba, hakumsaidia kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kulikuwa na tatizo gani hapo, si aliomba mwenyewe?

"Umejuaje niliomba?"

"Mama watoto, ukuta wa bafu ni mbao. Nimesikia yote. Ila mimi nilidhani unaniombea mimi." Alikuwa hatanii. Kumbe ndiyo sababu siku hizi alikuwa anawahi kurudi na kuosha sahani bila kuambiwa.

Akaenda kwa mchungaji. Mchungaji akamweleza vizuri tu kwamba zaburi kama zile ni mahali pa mtu kumwagia nyongo mbele za Mungu ili asiende kuimwagia kwa jirani, na kwamba Mungu si mhuni wa kukodiwa akampige mtu. Mama Pasi akauliza, kama Mungu hakodiwi, mbona yule kaanguka na yeye kapewa cheo? Mchungaji alijikuna kidevu, akasema atalibeba suala hilo kwenye maombi.

Basi akabaki hajui ashike lipi. Akitaka kushukuru, anaona aibu. Akitaka kutubu, anakumbuka kwamba gauni kweli hakulichoma yeye. Alimwogopa Mungu asiyemjibu, na sasa alimwogopa zaidi Mungu aliyemjibu. Mwisho akapiga moyo konde. Akachukua Biblia, akaenda kumwona mgonjwa.

Msimamizi alikuwa amelala chali, mguu umeinuliwa juu ya mito, amekonda. Walisalimiana, kila mmoja akitazama ile mito. Mgonjwa akamwomba amsomee Zaburi, yoyote. Mama Pasi aliposhika Biblia ikafunguka yenyewe, pale pale ilipozoea kufunguliwa kila asubuhi, ukurasa umekunjamana kwa unyevu wa bafuni. Akaanza kupekua haraka atafute nyingine.

"Rudi hapo hapo," mgonjwa akasema. "Naijua hiyo."

"Unaijuaje, dada?"

"Nimeisoma mwezi mzima. Nilikuwa nakusomea wewe, mdogo wangu. Umenichomea gauni la watu, halafu unanipa kisogo kanisani kama mwizi ni mimi."

Mama Pasi akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Akasema pasi aliiacha mkononi mwake. Mgonjwa akasema alimrudishia. Walitazamana, na kila mmoja akaona kwamba mwenzake hadanganyi. Sasa jamani, Mungu alikuwa amepelekewa maombi mawili, maneno yale yale, kila moja likimshitaki mleta jingine. Alisikia lipi? Na adui wa zaburi ile ni nani? Mama Pasi akakiri kwamba naye alikuwa akiisoma, akamweleza na nafasi aliyopewa. Mgonjwa akavuta funguo za stoo kutoka chini ya mto na kumwekea mapajani.

"Zishike. Nikisimama nitazidai. Haya, soma."

Akasoma. Laana zilimtoka polepole, bila utamu wowote. Alipofika kwa watoto alinyamaza ili aparuke kama kawaida yake, akamsikia mgonjwa anacheka kidogo na kusema kwamba hapo hata yeye alikuwa anaparuka. Wakashuka hivyo mpaka chini, pale mwombaji mwenyewe anapokiri kwamba ni mnyonge, hana kitu, na moyo wake una jeraha ndani. Mama Pasi akasita, maana hapo siku zote aliposoma alijua mnyonge ni yeye. Akamtazama dada yake. Midomo ya dada yake ilikuwa tayari inacheza, imetangulia kusema. Mstari ule wakausoma wote wawili.