Kibali Changu, Udongo Wake

Admin nisitiri jina, ila maneno yangu yaweke yote kama yalivyo. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, niko huku Mwanakwerekwe, nnauza miche ya matunda. Zamani tulikuwa tunaotesha miti ya mbao, mimi na aliyekuwa mume wangu. Sasa nshaachika, na nna hasira ambazo hata kwenye mkeka wa sala zinanifuata.

Ilikuwa hivi. Tuliagiza miche ya mitiki kutoka ng'ambo. Kibali nilikihangaikia mwenyewe, kikatoka kwa jina langu. Sharti walilonikazania ni mizizi ioshwe, isije na udongo hata chembe, kwa sababu udongo unabeba wadudu na maradhi ya miti. Mume wangu ndiye aliyesafiri kuifuata. Nikamwambia, "Baba watoto, usisahau kuiosha mizizi." Akanicheka. "We mwanamke we! Mche usipokuja na udongo wa kwao unaona ugeni, haushiki."

Basi akaileta na udongo wa kwao, kaufungia kwenye magunia. Wakaguzi bandarini walipofungua tu, mzigo wote ukakamatwa, ukatiwa moto na mimi natazama. Wakauliza nani mwenyewe. Mume wangu, niliyemzalia, akaninyooshea kidole: "Mimi mbebaji tu. Muulizeni Bi huyo, kibali chake." Khaa! Nikafungiwa kuagiza miche. Yeye haukupita muda akaniacha, akenda kwao Uroa akawaambia watu kuwa nimemponza kwa ujuaji wangu. Mjuaji mimi!

Juzi kanijia mke wake mpya, binti mdogo, mpole. "Shikamoo dada. Mume wangu kenda kufuata miche, kibali kaniandikisha mimi. Watu wamenambia wewe unayajua mambo haya. Kuna la kuangalia?" Nikamuuliza kama mizizi itaoshwa. Akajibu kwa fahari, "Aa, anakuja nayo na udongo wa kwao, isione ugeni."

Wallahi moyo ulinidunda kwa furaha, sikufichini. Nikamwambia nitamjibu, na mpaka sasa sijamjibu. Nikinyamaza, miche ya bwana yule itaungua, na mimi nitakwenda kutazama, buibui la kuvaa nshalipiga pasi. Lakini atakayefungiwa ni huyu binti. Yule atanyoosha kidole tena, kisha atafute mke mwengine wa kumwandikisha. Na nikimwambia binti, atampigia simu, mizizi itaoshwa, na firauni yule atapata mitiki yake na sifa juu.

Msinambie nisamehe, hayo nshaambiwa na mama yangu mpaka nimechoka. Namtaka yeye, yeye peke yake, na mzigo unaingia Ijumaa. Nishaurini jamani: nimpate vipi bila ya kumuunguza mtoto wa watu?