Kiti Kilichobaki Wazi Siku ya Mtihani wa Meja

Iko siku moja ya Agosti, mwaka wa 2002, ambayo naikumbuka hata soksi nilizovaa. Mwanangu, wewe uliye na nyota mbili mabegani na unayeona una miaka mingi mbele yako, kaa nikusimulie. Usiangalie saa. Wenzako wakikwambia kwamba mzee huyu wa Tongaren ana uchungu na jeshi, waambie wamekosea kidogo. Uchungu ninao, tena mwingi, lakini sehemu kubwa ni wa mimi na nafsi yangu.

Niliingia jeshini nimechelewa. Nilikuwa nimefundisha shule ya msingi karibu na Chwele kwa miaka minne, mwalimu asiye na cheti, kabla ya kuchukuliwa kwenda kusomea uafisa. Wenzangu walikuwa vijana wa miaka kumi na tisa, ishirini. Mimi nilikuwa nakaribia ishirini na sita, wakanipa jina la Babu. Nilicheka nao. Sikuona kwamba ile miaka michache waliyonizidi kwa ujana ingekuja kunila baadaye.

Sheria yenyewe umesomewa, lakini nakujua, uliisikiliza ukiwaza chakula cha mchana. Kila cheo kina umri wake. Ukifika umri huo ungali kapteni, unakwenda nyumbani, hata kama una nguvu za kubeba gunia la mahindi peke yako. Ukipata umeja, umri wa kustaafu unasogezwa mbele. Pensheni ya kila mwezi nayo ina miaka yake ya utumishi. Usipoitimiza, unapewa kiinua mgongo mara moja, unapewa mkono wa kwaheri, na habari yako imeisha. Aliyeingia mapema anaweza kukosa cheo na bado akaitimiza hiyo miaka. Mimi niliyeingia nikiitwa Babu sikuwa na nafasi hiyo. Bila umeja ningefikia umri wa kapteni kabla ya kutimiza miaka ya pensheni. Na nilijua. Usije ukadhani nilikuwa gizani.

Mtihani wa kupanda kutoka kapteni hadi meja nilikuwa nimeufanya mara moja, nikaanguka karatasi moja, ile ya sheria za kijeshi. Karatasi moja tu! Lakini matokeo yalibandikwa ukutani pale mesini, ukumbi wa kulia wa maafisa, na aliyeyasoma kwa sauti alikuwa Kapteni Kariuki, kijana wa Saboti ambaye wazazi wake walihamia huko kutoka Nyeri. Kariuki hakuwa na ubaya. Alisoma tu. Mimi nikaona kila mtu ananicheka, nikaacha hata kunywa chai pale kwa wiki mbili. Nilikuwa mtu mzima wa miaka karibu arobaini ninayenuna kama mtoto aliyenyimwa sukari.

Mwaka uliofuata majina yakatoka tena. Langu lilikuwemo, la Kariuki pia. Mtihani uliwekwa wiki ya pili ya Agosti. Na wiki hiyohiyo, nyumbani, kifungua mimba wangu Wekesa alikuwa atahiriwe.

Kwetu Bukusu, unavyojua, jando ni mwaka mmoja ndiyo, mwaka mmoja hapana. Kijana akikosa Agosti hiyo anangoja miaka miwili huku wenzake wakimdharau. Kwa hiyo hapakuwa na kumwahirisha Wekesa. Mwezi wa saba nikapata ruhusa ya siku mbili, nikaenda Tongaren kumweleza baba yangu. Nilimkuta barazani akitia mpini kwenye jembe.

"Sasa wewe Wanjala," akaniambia bila kuinua macho, "si ulisema mutihani yenu iko mwezi wa nane?"

"Iko, Baba. Wiki ileile ya Wekesa."

Akagongagonga mpini chini mpaka ukakaa sawa. "Basi enda ufanye. Hapa Simiyu iko. Ndugu yako si ni baba ya huyu kijana pia? Atasimama. Hata mimi wakati nilikatwa, baba yangu alikuwa kazi kwa mzungu huko Kitale. Nilisimama na nikapona."

Mwanangu, maneno hayo yaweke mahali. Mwenye boma mwenyewe, mzee aliyezijua mila kuliko sisi sote, aliniruhusu. Hakuninung'unikia, hakunitisha na laana. Alinifungulia mlango. Kisha akanitazama, akaongeza jambo moja ambalo wakati huo liliniudhi sana: "Ama unaogopa hiyo karatasi?"

Nikamjibu kwamba afisa wa jeshi haogopi karatasi. Akarudi kwa jembe lake.

Nilirudi kambini, nikaenda moja kwa moja kwa kamanda wetu. Alikuwa kanali mtaratibu, mtu wa mbali na kwetu, asiyejua mambo ya Wabukusu. Nikasimama wima mbele ya meza yake, nikamwambia kwamba kwa mila zetu baba asipokuwepo siku ya kutahiriwa kwa mwanawe, ni mwiko mkubwa, na mzee wangu ameniita. Nilisema uongo ule bila kupepesa macho. Nilimtwika baba yangu maneno ambayo hakuyasema, na nilitwika kabila zima mwiko ambao haupo.

Kanali akakuna kidevu. "Kapteni, mila ya watu siwezi kuipinga. Lakini unajua umri wako kwenye cheo hiki?"

"Najua, Afande."

"Basi andika barua kwamba umejitoa kwa hiari yako. Iwekwe kwenye faili. Mwakani utajaribu tena."

Niliandika palepale, kwa mwandiko mzuri, nikatia sahihi. Mtu aliyeniona angedhani ninasaini hati ya shamba. Nilipotoka nje nilihisi wepesi, na wepesi huo ndio ulionisuta baadaye, kwa sababu mtu aliyelazimishwa na mila hasikii wepesi. Nilikuwa nimekwepa kukaa kwenye dawati katikati ya vijana, nimekwepa kubandikwa ukutani mara ya pili. Baba aliliona hilo kwa kunitazama mara moja tu.

Siku yenyewe nilivaa sare. Ndiyo, sare kamili, na zile soksi nilizokwambia, na viatu vilivyong'aa, katika matope ya Tongaren. Nani alinituma? Wekesa akaletwa kutoka mtoni alfajiri, amepakwa tope kutoka kichwani hadi miguuni, watu wakimwimbia nyuma. Akasimama uani, macho juu, hakutikisika. Kisu kikapita. Wanawake wakapiga vigelegele, watu wakaja kunishika mkono, wakaniita Meja. Kwetu afisa yeyote mwenye kofia nzuri ni meja. Sikuwasahihisha. Baba yangu alikuwa kando na Simiyu. Hakunishika mkono.

Mwaka uliofuata nikafanya mtihani. Sikia hapa vizuri: nilifaulu. Karatasi zote, hata ile ya sheria, tena kwa alama nzuri. Ingekuwa nimeanguka ningejifariji kwamba sikuumbiwa umeja. Lakini nilifaulu, kwa maana hiyo hata mwaka ule wa Wekesa ningefaulu, maana maswali yalifanana mno. Kumbe kufaulu hakutoshi. Nafasi za meja ni chache, na bodi inapokaa inawapima watu kwa faili zao. Waliofaulu Agosti ile, Kariuki miongoni mwao, walikuwa wameshachukua nafasi zilizokuwepo. Mara ya kwanza nilipofikishwa mbele ya bodi sikuchaguliwa. Mara ya pili nikasikia kwamba mmoja wao aliuliza kwa nini kapteni wa umri huu alijitoa mtihanini kwa hiari yake. Barua yangu ya mwandiko mzuri ilikuwa pale, ikinijibia.

Halafu umri ukafika. Nikaitwa, nikapewa karatasi yenye tarehe ya kwenda nyumbani. Nilipungukiwa na miezi saba kufikia pensheni. Miezi saba, mwanangu. Mahindi yanapandwa na kuvunwa katika muda huo, hayazidi hapo. Ningekuwa meja ningeikaa hiyo miezi na mingine mingi juu yake. Nililia ndani ya choo cha ofisi, sioni haya kukwambia, kisha nikanawa uso na kwenda kurudisha vifaa.

Kiinua mgongo kilimaliza nyumba na kununua ng'ombe wawili, kikaisha. Nikatafuta kazi mjini Kitale, nikawa msimamizi wa walinzi katika ghala moja la mahindi. Asubuhi moja ya msimu wa kuuza, pikapu ikasimama langoni, dereva akashusha kioo. Alikuwa Kariuki, amenenepa, amestaafu vizuri, analeta mahindi ya shamba lake la Saboti. Mkono wangu ukapanda wenyewe hadi kwenye kofia. Nilimpigia saluti, mimi niliyemtangulia kuwa kapteni, nikiwa nimevaa koti la walinzi lenye kola iliyochakaa.

"Ai, Babu, usinifanyie hivyo bana," akasema, akashuka haraka na kunishika mikono miwili. "Ile siku kiti chako kilikuwa mbele yangu. Saa zote tatu nilikuwa naangalia hiyo kiti, najiuliza, huyu mtu amepatwa na nini?"

Nikamwambia mila. Akatikisa kichwa kwa heshima, akasema pole. Hata siku hiyo, mwanangu, baada ya kupoteza kila kitu, bado nilisema mila.

Jambo lililonivunja lilikuja mwaka huohuo. Wekesa alikuwa amepata nafasi ya kusomea ualimu chuoni. Nilizunguka kwa ndugu, nikauza ng'ombe mmoja, bado ada haikutosha. Nikamwita barazani nikamwambia angoje mwaka mwingine, labda miwili. Akanitazama. Macho yake yakanichoma, na mimi ninapochomwa huwa nauma. Nikamwambia, "Usinitazame hivyo. Ningekuwa na pensheni kama si wewe. Niliacha mtihani wa umeja nije nisimame nawe uani."

Wekesa alizidi kunitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo baya zaidi. "Baba," akasema polepole, "hiyo siku mimi sikukuona. Mtu akisimama pale anaangalia juu tu. Mimi nilijua ni Baba Simiyu ako, kwa sababu Kuka, baba yako, alikuwa ameniambia wewe uko mtihani. Nilikuwa nimefurahi ati utakuwa meja."

Akaingia ndani. Hatukuzungumza tena juu ya jambo hilo. Sasa yuko Chwele anabeba watu na mizigo kwa bodaboda, na kila Jumamosi ananiletea sukari na majani chai. Sijawahi kumwomba msamaha kwa maneno yale. Kila akija najiambia leo nitamwambia, kisha namuuliza habari za barabara.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ujue tarehe yako. Ujue umri wa cheo chako na miaka iliyobaki kufikia haki yako, uwe na hesabu hiyo kichwani unavyojua jina la mama yako. Ukikosa kupandishwa mara moja, nenda kwa mkubwa wako umuulize kwa nini, kabla ya kuwalaumu watu na kabla ya kususa. Ukianguka mtihani, rudi ukakae tena hata na watoto wadogo, wakucheke mpaka wachoke. Usitie sahihi barua ya kujitoa ukiwa na woga. Na ukiogopa, sema naogopa. Usimsingizie baba yako, usisingizie mila, usisingizie mtoto asiye na habari. Jeshi lina ukali wake, na sitalitetea: miezi saba wangeweza kunivumilia. Lakini mlango wa kwanza niliufunga kwa mkono wangu.

Mungu akujalie makamanda wenye kuuliza swali mara mbili. Akujalie upande vyeo kwa wakati wake, na ustaafu ukiwa umeitimiza miaka yako yote. Na ukirudi nyumbani, akujalie watoto unaoweza kuwatazama usoni. Nenda salama. Wekesa huyo anaingia na pikipiki yake, na leo ni Jumamosi. Niache naye kidogo. Kuna neno nataka kumwambia.