Kabeji Mbele ya Wakwe

Aibu hii nimeibeba kimya, lakini kwa kuwa Garissa nzima imeshaisikia kwa vinywa vya wengine, afadhali niisimulie mwenyewe.

Jino langu la nyuma liliuma mpaka shavu likavimba kama nimeficha limau, na kesho yake ndiyo tulikuwa tunakwenda kumposa Hodan. Sikulala. Niende kung'oa, nikae mbele ya wakwe na mdomo wa damu, au nitafute cha kupunguza uvimbe? (Nina digrii ya baiolojia na sina kazi, kwa hiyo muda wa kufikiri ninao tele.) Niliwahi kusoma kwamba manjano, tangawizi na kitunguu saumu vina viini vya kutuliza uvimbe, basi nikaviponda pamoja, nikapaka shavuni, nikafunika kwa jani la kabeji, juu yake nikazungusha kilemba. Kwamba ugonjwa uko kwenye mzizi wa jino na mimi napaka ngozi, hilo halikunijia.

Tulipofika, Adeer Yusuf, mdogo wa baba yangu, akaanza maneno ya posa. Mimi nikainama kumsalimia baba yake Hodan, na lile jani, lililokwisha kulegea kwa joto, likadondoka kwenye zulia miguuni pake, harufu ya kitunguu saumu ikifuata. Shavu lilikuwa la njano kabisa. Na kwetu manjano usoni ni urembo wa wanawake, hasa anayeandaliwa kuolewa.

Bibi yake Hodan alikuwa mlangoni. "Tuliambiwa wanakuja kuomba bibi arusi," akasema, "kumbe wametuletea."

Wanaume walicheka mpaka Adeer Yusuf akasahau alipofikia. Baba yake Hodan hakucheka. Aliniuliza kama mimi ndiye yule msomi, nikasema ndiyo, kisha nikamweleza habari za viini (kwa nini nilieleza, mpaka leo sijui). Alinisikiliza hadi mwisho.

"Na binti yangu akiumwa, utamfunga kabeji?"

"Hapana, mzee. Nitampeleka hospitali."

"Basi jipeleke wewe kwanza. Ukirudi tutaongea."

Siku nyingine ningekaa nikapima. Siku hiyo nilichoka hata kufikiri. Nikasimama, nikapanda tuk-tuk na shavu langu la njano, watu wa sokoni wakinigeukia, nikaenda kung'oa.

Nilirudi na pamba mdomoni, siwezi kutamka neno, na nadhani hilo ndilo lililoniokoa: Adeer Yusuf alimaliza posa bila mimi kuongeza kitu, na mzee akakubali. Manjano sasa nakutana nayo kwenye wali tu.