Siku Niliposikilizia Nyota kwenye Foni ya Watu

Jamani, hii nawaambia siye kwa siye tu, kwa sababu mpaka leo mama mukwe akiniona anacheka, na miye mwalimu mzima wa fizike natafuta mlango.

Ilikuwa wakati wa vita, masomo imefungwa, nikapata kazi ya kushika foni pale barabara ya Lumumba, hapa Bunia (ile redio ya kuzungumzia, unabonyeza mikro unasema, ukimaliza unasema "à vous", yaani zamu yenu, unaachilia unasikia). Kila mwenye mutu wake alikimbia alikuja pale kungoja sauti. Mama mukwe hakukosa hata siku moja. Mutoto yake Deo alikimbilia mji wa Aru, na hatukujua kama alifika.

Sasa asubuhi moja transista yangu, redio ndogo ya habari, ikasema kwa Kifaransa kwamba wataalamu wanasikiliza kwa antena nyota zinazokufa kwenye galaksi zingine, siyo hii yetu, zingine kabisa! Nyota ikizeeka inapumua gazi yake yote nje, gazi inawaka, inatuma mawimbi ya redio, hata mchana unayakamata! Moyo ukanipanda. Antena si antena? Nikachomoa waya ya antena ya foni, nikaifunga kwenye parabole, lile dishi la televisheni la patroni mwenye foni (ilikuwa haielekei popote, sawa na miye), nikaita watu.

Foni ikaanza: shhh... kho... shhh... kho-kho.

"Ndiyo yenyewe!" nikapiga kelele, mikro mkononi.

Mama mukwe akasogea. "Mbona iyi nyota iko nakohoa sawa Deo?"

"Mama, kimya! Iyo munasikia ilikufa zamani sana, sauti tu ndiyo inafika!"

Yesu wangu! Nilisema vile kwa mama anayengoja mutoto yake. Akaanguka chini. Wale wa nyuma walisikia "Deo" na "ilikufa" tu, hawakuuliza, matanga ikaanza palepale, na miye kwa woga nimebana mikro bila kujua. Esther, bibi yangu wa ndoa, dada ya Deo, akarudisha waya mahali pake, kisha akaninyang'anya mikro, akaiachilia. Sauti ikatoka wazi:

"Bunia, Bunia, hapa ni Deo, niko Aru. Minasikia muko munalia. Nani alikufa kwetu? À vous."

Watu wote wakaniangalia. Mama mukwe akajipangusa machozi, akashika mikro.

"Hakuna mutu alikufa, mutoto yangu. Ni shemeki yako tu, iko nasikiliza galaksi. À vous."

Basi, galaksi nimewaachia wenye antena zao kubwa. Toka siku ile sijagusa tena waya ya mutu anayengoja mutoto yake.