Sahani ya Muhogo Mchana wa Ramadhani

Mume wangu aliponipa talaka moja nilifurahi. Nasema bila haya. Mkono wake ulikuwa mwepesi na mdomo wake mchafu, na siku aliyoitamka hiyo talaka alidhani ananikomoa. Nikafunga kanga zangu, nikatoka Lindi kurudi Mchinga kwa mama. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yamejaa sabuni za kunukia, na yeye mitumba ilikuwa imemtajirisha. Watu waliniona punguani. Mie nilitaka kitu kimoja tu, eda iishe.

Mwanamke anayepata siku zake hungoja, na damu ya tatu ikionekana, mume hana tena neno naye. Akiwa na mimba, eda haiishi mpaka ajifungue, na muda wote huo mume anaweza kumrejea kwa ulimi tu, hata mke asipotaka. Wangu alikuwa keshaposa kwingine, lakini alimtuma dada yake kwetu na ujumbe: kama nina mtoto wake tumboni, ananirejea. Kama sina, niende zangu.

Damu ya kwanza ilikuja matone tu. Ya pili vilevile. Ya tatu ikagoma.

Hapo ndipo akili yangu ilipoharibika. Niliwahi kusikia wanawake wakisema kuna anayeona damu na mimba anayo, na neno hilo likanikaa kichwani halikutoka. Nilikwenda chooni na kitambaa cheupe, nikajipangusa, nikatazama, nikatoka, na kabla sijafika ukumbini nikarudi tena. Nilijiminya matiti mpaka yakauma, kisha nikaogopa kwa sababu yanauma. Mama akikaanga samaki nilisimama nivute harufu nione kama nitatapika. Nilikuwa nasuka ukili wa mkeka, nikishika tumbo nakosea, nafumua, naanza upya. Nilikata tamaa kweli. Kila nilipofumba macho niliusikia mlango wa nyumba yake ukifungwa nyuma yangu.

Ramadhani ikaingia nami sijaona kitu. Na Ramadhani haina siri ndani ya nyumba ya wanawake. Aliye na siku zake hafungi, anakula jikoni kimyakimya, na kila mtu anajua bila kuambiwa. Mie nilifunga, nikafunga, na wifi yangu, yule dada wa mume, kila akija kutoka Lindi ananitazama midomo iliyokauka, anacheka. "Wewe wifi mwaka huu huna hata siku moja ya kupumzika?"

Asubuhi moja sikuvumilia. Nikaenda dukani nikanunua pakiti ya pedi, zilikuwa ngeni kwetu, sisi tulizoea vitambaa vya kufua. Nikaiweka juu ya kabati langu ionekane. Kisha nikaingia jikoni, nikachukua kiporo cha muhogo wa nazi, nikala mchana kweupe, nami ni safi kabisa. Kila tonge lilishuka kama kokoto. Mama akapita, akaiona sahani, akasema "Alhamdulillahi," akaendelea kufagia. Nikala hivyo siku kadhaa. Wifi alipokuja, mama akamwambia, "Mwambie nduguyo eda imekwisha. Hatudaiani."

Ningelala usingizi, wapi. Nilikuwa nimejichimbia shimo refu zaidi. Kabla ya hapo, kama tumbo lingetokeza, lingekuwa la mume wangu, nirudi nikapigwe lakini kwa heshima. Sasa je? Eda imetangazwa imekwisha, mwanamume keshaarifiwa, halafu niote tumbo? Angesema si lake, na nani angembishia? Mtoto wa ndoa nilikuwa nimemfanya wa nje kwa sahani ya muhogo. Nikaanza kufunga tena, na kitambaa cheupe kikaanza tena, na safari hii sikuweza hata kuomba dua. Ningemwomba Mungu kwa uso gani? Nilijiambia atanipa hiyo mimba makusudi.

Damu ilikuja mwishoni mwa mwezi, alasiri, nakuna nazi ya futari. Nyingi, si matone. Nilikaa pale juu ya mbuzi nikalia, na sikulia kwa furaha. Maana siku zangu nilikwisha kuzitumia. Nani amepata kuona mwanamke akiingia hedhini mara mbili katika Ramadhani moja? Basi nikajikaza kufunga na damu inanitoka, saumu isiyo saumu, kizunguzungu kinanipeleka ukutani.

Kesho yake mchana mama aliingia chumbani kwangu na sahani imefunikwa kawa. Akaiweka mkekani. Uji na muhogo.

"Kula," akasema. "Hizi ndizo za kweli."

Sikumwelewa, au sikutaka kumwelewa. Akaonyesha juu ya kabati kwa kidevu.

"Pakiti yako hujaifungua mpaka jana, mwanangu."

Nikamwuliza, kama ulijua, mbona ulimwambia wifi? Akafunga kanga yake vizuri kiunoni. "Nimekuona makovu mgongoni siku ile unaoga," akasema. "Neno nimelipeleka mie. Mbele ya Mungu nitaulizwa mie." Akatoka, akaurudisha mlango taratibu.

Baada ya Idi nilianza kuzilipa siku zangu. Mama naye akafunga pamoja nami, siku kwa siku, na mama alikuwa keshakoma kuingia mwezini miaka mingi, hakukosa hata saumu moja ya mwezi ule. Zikaisha zangu, yeye akaendelea. Nikamwambia mama basi, inatosha, afya yako. Akasema lile neno alilolipeleka Lindi bado hajalilipa. Kila mwaka baada ya Idi akaanza tena, mpaka mwaka aliokufa, na alikufa amefunga.