Mchezo Uliokuwa Dirishani

Juzi nilimkuta binti yangu, hedifoni masikioni, akicheka na wenziwe katika mchezo wa kufyatuliana risasi. Nikaikumbuka alasiri moja ya utotoni, mtaani kwetu Darsait.

Chini ya fleti yetu palikuwa na duka la kompyuta. Wavulana wa mtaa walicheza mchezo kama huo humo, na kelele zao zikipanda hadi kwetu. Msichana hakuingia mle. Baba akaninunulia sidii ya mchezo uleule, nami nikaamini raha yote imo ndani yake.

Nikacheza peke yangu. Maadui wa kompyuta walikuja kimya, wakafa kimya, wengine wakagonga ukuta tu. Nikadhani sidii mbovu. Sikujua kuwa mchezo wenyewe ulikuwa ni wale wavulana wa chini. Nikafungua dirisha. Harufu ya gereji ya jirani ikaingia pamoja na vicheko vya chini, nami nikawa nafyatua kila walipopiga kelele.

"Funga dirisha, mwanangu, baridi yote ya AC yatoka," akasema Bibi.

Nikalifunga. Chumba kikanyamaza kama makaburini.

Baba akachungulia mlangoni, uso umemkunjuka. "Umeupenda, mama?"

"Sana, Baba."