Nani Huyo Anaunguza?

Jamani, asikwambie mtu! Kumfuata mjomba wangu katika mitaa ya mji mkongwe ni kazi ya wenye magoti mapya. Mjomba ni mkaangaji kahawa, na hana saa wala kipimo: buni zikiiva, pua humwambia. Basi yakaja mafua makali, yakaondoka na harufu zote. Mkewe akamnusisha vitunguu saumu miezi mizima, wapi! Akawa anaunguza kikaango baada ya kikaango.

Juzi akatangaza: "Mpwa wangu, kesho tunazunguka migahawa yote ya kahawa. Nikirudi bila kusikia hata harufu moja, duka nafunga. Nimesema."

Mjomba akisema, amesema. Na duka lenyewe aliliacha babu! Usiku ule sikulala vizuri.

Tukaanzia lango kuu, pale mawe yamelika kwa nyayo za watu. Kwa mama mmoja anayesaga kahawa kwa mkono, mjomba alizamisha pua kikombeni mpaka ikalowa.

"Vipi?"

"Moto tu."

Chini ya mnara wa saa, vivyo hivyo. Mimi kila mahali nakunywa changu na nusu ya chake, moyo unanidunda, vidole vinacheza vyenyewe. Lakini mji gani huo, loo! Mgahawa ndani ya ghala la zamani, ngazi zilizofichwa ukutani, roshani za mbao zilizokaribiana mpaka majirani wanaazimana sukari bila kushuka. Nimezaliwa hapahapa na sikuwahi kupita! Nilitamani kupiga kelele, nikajizuia kwa ajili ya mjomba.

Kwenye mgahawa wa mwisho akanusa, akaweka kikombe chini, akafuta miwani. "Twende nyumbani, mwanangu."

Roho iliniuma. Tukakata kichochoro nyuma ya maduka ya vitabu. Ghafla akasimama.

"Nani huyo anaunguza?"

"Mjomba, mbona hakuna..."

"Nyamaza! Chini zinaungua, juu bado mbichi!"

Huyooo! Akatimua mbio, kiatu kimoja kikabaki njiani, mimi nyuma nimekishika mkononi. Akajitoma kwenye duka la mkaangaji mwenzake, mtu ambaye hawajasalimiana tangu mimi sijazaliwa. Waligombana ujanani juu ya nani anaujua moto. Bwana yule alikuwa anapiga soga dirishani na jirani, kikaango kakipa mgongo.

"Epua!"

"We mzee, nani kakuruhusu kuingia humu?"

"Epua kwanza, matusi baadaye!"

Akaepua mwenyewe kwa upindo wa shati. Akazipindua buni: za chini nyeusi tititi, za juu hata rangi hazijabadilika. Nikapiga kigelegele, peke yangu, kiatu mkononi. Sikuona haya hata kidogo!

Habari za pua ya mjomba nani hakuwa nazo? Mwenye duka akamtazama, akatazama kikaango, akamtazama tena. Kisha akamvutia kiti na kummiminia kikombe.

Mjomba akanusa taratibu. Akapiga funda moja, akalizungusha mdomoni. Machozi yakamtiririka mpaka kwenye ndevu.

"Mbaya," akasema. "Wallahi kahawa yako mbaya! Mbaya mno! Hebu niongeze."